NGOJA NGOJA YA MZIMA YA PILI
Maoni ya mwanachama kutoka Makwasinyi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwetu Taita Taveta ngoja ngoja imekausha hata koo. Tangu tukiwa watoto wa kubebwa mgongoni tumewasikia wakubwa wetu wakiambiwa, "Subirini Mzima ya Pili." Eti bomba jipya litajengwa kutoka chemchemi za Mzima, maji yatafika Voi, yatafika Maungu, na siku moja Mungu akipenda yatafuata ile barabara ya vumbi hadi Rukanga, Jora, Makwasinyi, Kiteghe na Bungule. Kila uchaguzi ukikaribia, bomba hilo huchimbwa tena kwa maneno. Uchaguzi ukiisha, hufukiwa.

Makala haya yana neno moja la kusema. Kaunti yetu inakua, na mpango wa maji wa kaunti inayokua hauwezi kusimama juu ya bomba moja linalongojewa. Uanze na vile vilivyo mikononi mwetu: mlima wetu, mapaa yetu, mabomba mabovu tuliyo nayo, na maji taka ambayo hakuna anayetaka kuyataja mbele ya wageni. Mzima ya Pili ikija, itukute tumejipanga. Ikichelewa, isitukute tumeketi na mitungi mitupu.

Hebu tuanze na hesabu, maana bila hesabu mpango ni ndoto ya mchana. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 284,657 katika Taita Taveta. Sensa ya mwaka 2019 ikahesabu watu 340,671. Kwa miaka 10 tu tumeongezeka watu 56,014, yaani karibu mtu mmoja mpya kwa kila watu watano waliokuwapo. Tena hatukuenea sawasawa. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, basi sisi binadamu tunabanana vilimani, kando ya barabara kuu na mijini. Voi ni shahidi. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria mwaka 2017, Voi ilipata stesheni. Kabla ya hapo, mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Taita Taveta kilipewa hati yake. Wanafunzi, wafanyabiashara na madereva wa malori wote wanatafuta chumba cha kupanga, na kila chumba kinataka mfereji na choo. Hata huku Makwasinyi, pale palipokuwa na boma moja la babu leo pana nyumba nne za mabati za wajukuu. Watu wanazaana. Chemchemi hazizaani.

Sasa tuitazame Mzima yenyewe. Ni neema ya ajabu. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu haitengenezi mito, kwa sababu vilima vile ni mawe na majivu ya volkano yanayofyonza maji kama sifongo. Maji huzama, husafiri chini ya ardhi kwa miaka mingi, halafu hutokeza Mzima yakiwa maangavu hata unawaona viboko wakitembea chini yake. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililaza bomba la zaidi ya kilomita 200 kutoka hapo hadi Mombasa. Bomba hilo linapita katika kaunti yetu. Voi inapata sehemu yake, lakini viko vijiji vinavyojua maji ya Mzima kwa kusimuliwa tu. Wazee wakisema kwamba ng'ombe ni wetu na maziwa yanakunywewa Mombasa, wana haki ya kuwa na uchungu. Lakini uchungu haujazi mtungi.

Sisemi Mzima ya Pili isijengwe. Ijengwe hata kesho! Ninachosema ni kwamba bomba kama hilo ni kazi ya mabilioni ya shilingi. Linahitaji serikali ya taifa, linahitaji wakopeshaji wa nje, na maji yake lazima yagawiwe kati ya kaunti zaidi ya moja, kila mmoja akivutia kwake kama mwamba ngoma. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa maji na usafi kwa kaunti 6, nazo ni Mombasa, Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Garissa na Wajir. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo mkopo hulipwa, na ili ulipwe lazima maji yauzwe, na mahali pa kuuzia maji mengi ni mjini. Kutoka Maungu hadi kwenye mlima Kasigau ni nyika, vichaka na ndovu. Mhandisi mwenye kalamu na bajeti ndogo ataikata njia hiyo kwanza. Kwa hiyo sisi wa mwisho wa bomba tukikaa kungoja, tutangoja kuliko wote. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi tufanye nini? Nina mambo manne.

La kwanza ni mlima. Mlima Kasigau una urefu wa mita zipatazo 1,600, na kileleni kuna msitu wa ukungu. Wenzetu waliokulia mjini huenda wakauliza msitu wa ukungu ni kitu gani. Asubuhi ukitazama juu huuoni mlima wote. Umejifunika wingu kama mtu aliyejifunika leso. Wingu lile likipita kati ya miti, majani huyakamata matone, matone huanguka, ardhi hunywa, na maji hutokeza kwenye chemchemi. Kutoka huko juu mabomba huyateremsha hadi vijijini bila pampu, bila dizeli na bila bili ya stima. Jamani, mahali pangapi katika Kenya pana mashine ya maji isiyotumia mafuta? Mashine hiyo ni ile miti. Anayekata mti kule juu au kuwasha moto bila uangalifu anakata bomba la mama yake.

Kwa hiyo katika mpango wa maji wa kaunti, msitu wa Kasigau uandikwe kuwa sehemu ya mfumo wa maji, kama vile tangi na mita zinavyoandikwa. Uwekewe pesa za kuutunza kila mwaka. Mradi wa kaboni wa ukanda wa Kasigau, ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake kuthibitishwa na kupewa hati za kuuza, umeonyesha kwamba miti iliyosimama inaweza kuleta pesa. Sehemu ya mapato yake imewahi kulipia karo na miradi ya maji katika eneo hili. Kama hewa ya msitu inaweza kupewa bei, kwani maji ya msitu ndiyo yakose bajeti?

La pili ni mapaa na miamba. Visima vya tambarare mara nyingi hutoa maji ya chumvi, ukiyanywa unaongeza kiu. Lakini mvua haina chumvi. Tatizo letu ni kwamba mvua ikija tunaikimbia, na ikienda tunaililia. Hebu tupige hesabu ya darasa la saba. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1 ya maji. Tuseme bweni lina paa lenye urefu wa mita 30 na upana wa mita 8. Eneo lake ni mita za mraba 240. Tuseme mwaka ule ni mkavu na mvua imenyesha milimita 400 tu. Paa hilo moja limepokea lita 96,000. Toa sehemu ya tano kwa sababu ya gata zinazovuja na maji ya kwanza ya kuoshea vumbi, bado unabaki na lita 76,800. Hiyo ni mitungi 3,840 ya lita 20! Kwa shule ya wanafunzi 400, kila mmoja akipewa lita 5 kwa siku za kunywa na kupikiwa, maji hayo yanatosha siku 38. Hilo ni paa moja. Shule ina mapaa mangapi? Na kanisa? Na zahanati?

Najua mtu ataniambia kwamba mvua yenyewe haiaminiki. Kweli. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo katika maeneo kame ya nchi yetu, mifugo ikafa na wanyama wa pori wakafa. Halafu mwishoni mwa 2023 ikaja El Nino, barabara zikakatika, maji yakapita mbele yetu kama gari la moshi lisilosimama. Hapo ndipo penye somo. Mvua za siku hizi huja chache na kubwa, na chombo kidogo hakiwezi kuzikamata. Kwa hiyo tangi za mapaa zisaidiwe na miamba. Mahali penye mwamba mkubwa ulio wazi, hujengwa ukuta mfupi chini yake, maji ya mvua yanateremka juu ya jiwe na kukusanywa katika tangi kubwa. Wenzetu wa Kitui wametumia njia hii kwa miaka mingi. Na sisi tuishio chini ya Kasigau, kitu ambacho hatuwezi kusema tumekosa ni jiwe.

La tatu ni kuziba nyufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mwaka Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, hutoa ripoti ya kampuni za maji nchini. Kwa miaka kadhaa ripoti hizo zimeonyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hupotea bila kulipiwa: mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hayapimwi kwa sababu mita ni mbovu. Hebu fikiri. Mama anabeba mitungi kumi kutoka kisimani, na kabla hajafika nyumbani minne imemwagika. Je, utamnunulia mama huyo kisima kingine, au utamzibia mitungi?

Hata kitone kina hesabu yake. Mfereji unaovuja lita 1 kila dakika 5 unamwaga lita 12 kwa saa, na lita 288 kwa siku. Ni mitungi 14 na zaidi. Tunapita mbele ya mfereji kama huo tukienda darasani na tunaona ni jambo la kawaida, ati kazi ya kuutengeneza ni ya serikali. "Serikali saidia!" ndio wimbo wetu. Na serikali nayo ikija, hupenda kuja na mradi mpya wenye utepe wa kukatwa, kwa maana hakuna mwanasiasa aliyewahi kukata utepe wa washa mpya ya mfereji.

Hapa naomba tujifunze kutoka kwa majirani. Huko Kyuso, katika Kaunti ya Kitui, watafiti na mafundi walijaribu mpango wa matengenezo. Jamii hulipa ada ndogo kwa mwezi, na pampu ikiharibika fundi anakuja mara moja. Zamani pampu iliweza kukaa karibu mwezi mzima bila kutengenezwa. Baada ya mpango huo ikawa inatengenezwa katika siku zisizozidi 3. Kazi hiyo ikaendelezwa na kampuni iitwayo FundiFix, ambayo ilifika hadi Kwale, jirani zetu kabisa. Hawakuanza kwa kuchimba visima vipya. Walibadilisha jibu la swali moja tu: kikiharibika, nani anakuja, na lini?

Makwasinyi na vijiji vyote vinavyouzunguka mlima vinahitaji jibu hilo. Kwa sasa bomba likipasuka, kamati inatafutana, mchango unaitishwa, wengine wanatoa, wengine wanasema walitoa mwaka jana, na wiki mbili zinapita. Laiti kungekuwa na fundi mmoja anayelipwa kila mwezi, mwenye baiskeli, spana na sanduku la vipuri! Mshahara wake kwa mwaka ni pesa ndogo sana ukilinganisha na gharama ya bomba jipya.

Na tukizungumzia mabomba kupasuka, tusimsahau ndovu. Yeye naye ana kiu, tena hasomi kibao kinachosema maji haya ni ya shule. Akisikia harufu ya maji wakati wa kiangazi ataling'oa bomba na kulikanyaga tangi. Hili ni jambo la kupangwa, si la kulalamikiwa tu kila mwaka. Mabomba yazikwe chini vya kutosha. Tangi zijengwe imara na kuzungushiwa ukuta wa mawe. Tena kaunti na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wakubaliane kuhusu mahali pa kunywesha wanyama, mbali na vijiji. Msichana anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kupanga foleni ya maji hapaswi kukutana na ndovu njiani. Sisi tunaotoka huko tunajua kwamba hofu hii si hadithi ya kutisha watoto. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Aliyeubeba hawezi kukimbia. Na mara nyingi anayeubeba ni msichana, ambaye saa mbili asubuhi mwalimu atamuuliza kwa nini anasinzia darasani.

La nne ndilo gumu, nalo ni maji taka. Najua wapo watakaocheka. "Makwasinyi haina maji safi ya kutosha, wewe waja kutuletea habari za maji machafu?" Ndugu yangu, cheka polepole. Wahandisi wanapochora mifumo ya maji hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu. Chukua mji wa watu 50,000, kila mtu atumie lita 50 kwa siku. Hizo ni lita 2,500,000 zinazoingia. Basi kila siku lita 2,000,000 zinatoka zikiwa na sabuni, mafuta na kinyesi. Zinakwenda wapi? Zikikosa njia zitajitafutia: mtaroni, barabarani, mtoni, na mwishowe kisimani. Kumbe ukileta bomba kubwa la maji safi bila kupanga maji taka, umeleta bomba kubwa la uchafu pia. Tofauti ni kwamba hilo la pili halina mwenyewe.

Voi iko katika njia panda hiyo. Nyumba za kupanga zinajengwa ghorofa juu ya ghorofa, na nyingi zinategemea vyoo vya shimo na matangi ya chini ya ardhi. Shimo likijaa linaitwa lori la kunyonya. Lori likinyonya, lazima liwe na mahali halali pa kumwaga, la sivyo dereva atamwaga usiku kichakani. Huo mlolongo wote, kuanzia choo, lori, hadi bwawa la kusafishia, ndio mfumo wa maji taka. Kukikosekana pete moja mnyororo umekatika. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Kenya mwezi Oktoba 2022 ulitukumbusha kwamba ugonjwa huo hauulizi nani ana mita na nani hana.

Hata mataifa makubwa yalijifunza kwa kunusa. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka vibaya hata wabunge wa Uingereza wakashindwa kukaa bungeni London. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akapewa pesa za kujenga mitaro mikubwa chini ya jiji. Sifa yake ni kwamba aliijenga mikubwa kuliko mahitaji ya siku ile, kwa sababu alijua jiji litakua. Sehemu kubwa ya kazi yake inatumika mpaka leo. Sisi hatuna haja ya kungoja hadi waheshimiwa wa bunge la kaunti washike pua.

Tena maji taka si hasara tupu. Nakuru, kampuni ya maji ya mji kupitia tawi lake hukausha kinyesi kutoka vyooni, hukichoma hadi vijidudu vyote vife, hukichanganya na vumbi la mbao na kutengeneza makaa ya kupikia. Usikunje uso, makaa hayo hayanuki. Sasa ukumbuke kwamba adui mkubwa wa vichaka vyetu kati ya Maungu na Kasigau ni uchomaji wa makaa ya miti. Kama uchafu wa Voi ungegeuzwa makaa, tungeokoa mti kwa kusafisha choo. Na kule kijijini ambako bomba la maji taka halitafika, na wala halihitajiki, mpango uwe wa vyoo vya shimo vilivyojengwa vizuri, mbali na chemchemi na visima, vyenye mahali pa kunawa mikono. Shuleni viwe vya kutosha, na vya wasichana viwe na mlango unaofungika. Maji ya kunawia na kufulia yanaweza kunywesha migomba na mipapai badala ya kutengeneza kidimbwi cha mbu.

Pengine mtu atasema kwamba haya yote ni mengi mno kwa kaunti maskini. Namjibu kwa historia ya hapa hapa. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza lilitaka kuwasukuma Wajerumani waliokuwa Taveta. Likajenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau katika muda mfupi, na maji ya askari likayavuta kwa bomba kutoka vilima vya Bura. Kwa nini waliweza? Kwa sababu walijua wazi kwamba jeshi lisilo na maji halipigani, basi maji yakapangwa kabla ya risasi. Mkoloni alipata maji kwa ajili ya vita. Sisi tunashindwaje kuyapata kwa ajili ya watoto?

Haki yetu imeandikwa. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na vilevile haki ya usafi wa kiwango cha kuridhisha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limekabidhi huduma za maji na usafi kwa serikali za kaunti. Na kila kaunti hutunga mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano. Uliopo ni wa mwaka 2023 hadi 2027, na utakaoufuata utaanza 2028. Sheria inataka wananchi washirikishwe. Mkutano unaitishwa, karatasi zinagawiwa, soda zinanywewa, na mara nyingi waliohudhuria ni wazee watatu na karani wao. Baadaye tunalalamika kwamba hatukuulizwa.

Wenzangu, mpango huo ukija kujadiliwa wengi wetu tutakuwa na vitambulisho mifukoni. Twendeni. Wala tusiende kupiga makofi tu. Twende na maswali. Chanzo hiki cha maji kinatoa lita ngapi wakati wa kiangazi, na nani alikipima? Mwaka 2040 tutakuwa watu wangapi, na maji haya yatawatosha? Bomba likipasuka, fundi ni nani, yuko wapi, na mshahara wake umo katika ukurasa gani? Msitu wa mlimani umetengewa shilingi ngapi? Maji haya yakishatumika, yanakwenda wapi? Mpango unaoweza kuyajibu maswali haya matano tutaushangilia. Usioweza, turudishe karatasi zao kwa heshima na kuwaambia wakaandike upya.

Na kabla ya siku hiyo kufika, ninalo pendekezo kwa shule yetu. Chama cha Kiswahili kishirikiane na wenzetu wa jiografia na hisabati tuanzishe daftari la maji. Kila siku kiranja mmoja aandike: leo maji yametoka au hayakutoka, mfereji upi unavuja, tangi lina kiasi gani, mvua imenyesha milimita ngapi. Kipima mvua hakigharimu kitu. Chupa ya plastiki iliyokatwa na rula vinatosha. Kwa muhula mmoja tutakuwa na takwimu ambazo huenda hata afisi ya wadi haina. Siku MCA atakapotutembelea siku ya kutoa zawadi, badala ya kumwimbia tu, tumsomee ukurasa mmoja wa daftari letu. Wanafunzi wa Kiswahili tunafundishwa kuandika barua rasmi kila mwaka. Tuandike moja ya kweli, yenye tarakimu, tuitie sahihi, tuipeleke.

Kwa kuyakunja jamvi, nasema tena kwamba simchukii anayeingoja Mzima ya Pili. Mimi pia ningependa kuliona bomba lile likifika kwetu, na nitakuwa wa kwanza kukinga kikombe. Lakini haba na haba hujaza kibaba, na haba zetu tunazo: ukungu wa Kasigau, paa la bweni, mwamba ulio wazi, fundi mwenye spana, na choo kilichochimbwa mahali pake. Msimu ujao wa mvua hauko mbali. Gata za bweni la magharibi bado zimevunjika. Tuanzie hapo, Jumamosi hii, baada ya usafi wa jumla.